Jivu la Siga na Habari za Udongo

Mabibi na mabwana,

Juu ya meza hii nimeweka visahani vitatu vya kahawa, na katika kila kisahani mna jivu la siga moja. Naomba waliokaa mbele wavipitishe nyuma taratibu, na atakayepiga chafya atageuza uso kwanza. Kisahani cha kwanza kina jivu jeupe, karibu na weupe wa chokaa, lakini limelegea na kuachana vipande vyepesi kama magamba ya samaki yaliyokauka juani. Cha pili kina jivu la rangi ya kijivu lililoshikamana, ambalo bado lina umbo la siga lilikotoka, urefu wa pingili ya kidole gumba. Cha tatu kina jivu jeusijeusi, na ukilisugua kati ya vidole linaacha alama kama ya masizi ya sufuria. Wauzaji wengi wa siga wangewaambia kwamba jivu la kwanza ni la tumbaku bora na la tatu ni la takataka. Mimi nimekuja kueleza kwamba jibu hilo lina ukweli nusu tu, na kwamba hata nusu hiyo inahusu zaidi udongo, mbolea na namna ya kuungua kuliko ladha ambayo mnunuzi anailipia.

Ninaposema siga nakusudia ile sigara nene isiyo na karatasi, iliyosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku: majani ya ndani, jani la kuyafunga, na jani la nje, laini na la thamani kuliko yote. Ubora wa karatasi hauna nafasi katika mazungumzo yetu, na hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu karatasi ya sigara za kawaida hutiwa chokaa kiwandani, na jivu lake huchanganyika na la tumbaku. Niseme pia kwamba mimi sivuti, wala sikuja kumshawishi mtu avute. Siga hizi tatu nilizivuta kwa bomba kubwa la sindano lililotolewa sindano yake, nikihesabu sekunde kwa saa ya mkononi, na jirani yangu mpaka leo hajaniuliza nilikuwa nafanya nini barazani.

Wahenga walisema moto huzaa jivu, wakimaanisha kwamba mzazi hodari aweza kupata mtoto asiyefaa kitu. Kwa tumbaku, methali hiyo inalionea jivu. Ukichoma kuni kavu, jivu linalobaki kwa kawaida halifiki sehemu 2 katika kila 100 za uzito. Ukichoma jani kavu la tumbaku, hubaki sehemu 15 hadi 25. Ni mimea michache inayolimwa ambayo jani lake hunyonya madini ya udongo kwa uroho wa namna hiyo. Kalisiamu na potasiamu ndizo zinazotangulia kwa wingi, kisha magnesiamu, na nyuma yake klorini, fosforasi, salfa na silika. Jivu, basi, ni kile ambacho jani lilikitoa ardhini na ambacho moto umeshindwa kukipeleka hewani.

Tuanze na weusi, kwa kuwa ndio ulio rahisi kueleza. Madini niliyoyataja, yakishaungua sawasawa, ni meupe au ya kijivu hafifu. Kinacholitia jivu weusi ni kaboni, yaani makaa membamba ya jani ambayo hayakumalizika kuungua. Siga haiwaki kwa ndimi za moto, bali hufukuta, na katika kufukuta mambo mengi hutegemea kama kaa lililo nyuma ya ukingo wa moto litapata kuungua lote kabla halijapoa. Hapa ndipo potasiamu inapoingia. Katika miaka ya 1860 mkemia Mfaransa Théophile Schloesing, aliyefanya utafiti kwa idara ya tumbaku ya serikali ya nchi yake, alionyesha kwamba tumbaku inayofukuta vizuri ni ile ambayo potasiamu yake imeungana na asidi za mmea wenyewe, kama ile asidi inayolitia limau ukali. Chumvi hizo zikipata joto hugeuka kaboneti ya potasiamu, na kaboneti hiyo hulisaidia kaa kuungua hata lisipopulizwa. Potasiamu ikiwa imefungwa na klorini, haitoi msaada huo. Zaidi ya hayo, jani lenye klorini nyingi huvuta unyevu wa hewa na kubaki zito. Likipita kama sehemu 2 katika 100 za klorini, siga huzimikazimika mkononi mwa mvutaji na jivu lake huwa jeusi.

Ndugu zetu wanaolima tumbaku Tabora na Urambo wanalijua jambo hili kwa upande wa shambani, ingawa tumbaku yao ni ya sigara na haisokotwi siga. Mbolea wanayopewa, ile ya 10-18-24 (nambari za naitrojeni, fosforasi na potasiamu), inataka potasiamu yake itokane na salfeti na si kloridi, yaani chumvi ya klorini, ijapokuwa kloridi ni bei nafuu. Mkulima akichukua mbolea yenye kloridi ya shamba jingine na kuitia kwenye tumbaku, jani litastawi na kupendeza machoni, na kosa litaonekana siku ambayo mtu asiyemfahamu, mbali naye, atajaribu kuliwasha.

Weupe ni habari nyingine. Kinachofanya jivu liwe jeupe hasa, pale ambapo kaboni imekwisha, ni magnesiamu pamoja na kalisiamu. Jani lenye njaa ya magnesiamu huacha jivu la giza lililoshikana. Lenye magnesiamu ya kutosha huacha jivu jeupe. Na likizidishiwa, weupe hubaki lakini jivu hukosa mshikamano na kuanza kumwagika, kama hili la kisahani cha kwanza, ambalo humwangukia mvutaji kwenye shati kabla hajafika kwenye sahani ya majivu. Katika bonde la mto Connecticut, Marekani, ambako kuanzia mwaka 1900 majani ya nje yalilimwa chini ya mahema ya kitambaa ili jua lisiyakaze, watafiti wa kituo cha kilimo cha Windsor walishughulikia sana suala hili la magnesiamu, kwa sababu wanunuzi walidai jivu jeupe na mashamba ya mchanga yalikuwa yameishiwa. Kuna jambo moja la bonde hilo linalonifurahisha kila nikilikumbuka: kabla mbolea za viwandani hazijaenea, wakulima wake walinunua jivu la maganda ya mbegu za pamba na kulitia shambani ili wapate potasiamu. Jivu la zao moja liliingia ardhini, likapanda katika jani la zao jingine, na kutoka tena likiwa jivu kwenye ncha ya siga ya mtu.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba jivu jeupe ni dalili ya tumbaku nzuri, ninamwuliza kama anazungumzia tumbaku au mbolea. Magnesiamu haina harufu ya kahawa wala ya ngozi. Siga nyingi zinazosifiwa sana, zikiwamo za Pinar del Río nchini Kuba, huacha jivu la kijivu, na hakuna anayezirudisha dukani.

Mshikamano wa jivu, kwa upande wake, hutusimulia zaidi kazi ya msokotaji. Majani ya ndani yakiwa marefu, yaliyolazwa kutoka ncha hadi ncha, mishipa yake hubaki ndani ya jivu kama fito ndani ya ukuta wa udongo, na jivu husimama sentimita 2 au 3 bila kuanguka. Yakiwa vipandevipande, huporomoka mapema. Na jivu likishaanguka, tazameni kaa lililobaki: likichongoka kama ncha ya penseli, ni dalili kwamba msokotaji aliweka katikati yale majani ya juu ya mmea, mazito na yanayoungua polepole, kama inavyotakiwa. Jani la nje nalo huacha saini yake. Jani linalotoka mashariki mwa Kamerun lina vipele vidogo ambavyo kidole huvihisi, na jani likishaungua vipele hivyo hubaki juu ya jivu kama vitone vyeupe, safu kwa safu.

Sasa kisahani cha tatu, ambacho nadhani wengi wenu mmeshakihukumu. Siga yake na ya kisahani cha kwanza zimetoka katika kasha moja. Tofauti ni kwamba hii niliiacha dirishani usiku mzima wa masika, ikanyonya unyevu, na asubuhi nikaivuta kwa pupa, kila baada ya sekunde kumi. Shamba ni lile lile, mbolea ile ile na mikono ile ile, ila moto haukupewa nafasi ya kumaliza kazi yake.

Kwa kuwa macho yanadanganyika hivyo, Schloesing hakuishia kuangalia rangi. Alitia jivu katika maji na kupima ukali wake wa magadi. Nitafanya hivyo hapa, kwa juisi ya rozela isiyo na sukari niliyoichemsha jana, ambayo hubadilika rangi ikikutana na magadi, na kaboneti ya potasiamu ina magadi mengi. Natia kijiko cha jivu la kisahani cha pili katika maji, nakoroga, naliacha litulie. Chokaa nayo ina magadi yake kidogo, kwa hiyo jaribio hili la mezani si badala ya maabara. Haya, natia matone ya rozela. Mnaona wekundu unavyokimbilia buluu, na sasa kijani? Kaboneti ya potasiamu ipo ya kutosha. Leteni na kile cheusi, nacho tukipime.