Kuutunza mche wa mwembe uliopandwa karibuni wakati wa joto la kaskazi

Ndugu watazamaji, karibuni. Katika video hii tutaonyesha namna ya kuutunza mche wa mwembe wa kubebesha, yaani uliounganishwa kitawi cha aina bora juu ya shina la mwembe mwingine, ambao umehamishiwa ardhini wiki chache zilizopita, katika kipindi kilicho kigumu kuliko vyote kwa miche hapa Dar es Salaam, yaani tangu vuli inapokatika mwezi Desemba hadi masika yanapokaribia mwezi Machi. Katika miezi hiyo joto la mchana hufika nyuzi 32 na pengine huzidi, usiku nao haupoi sana, upepo wa kaskazi huvuma kutwa ukiyakausha majani, na mvua inaweza kukosekana kwa wiki kadhaa mfululizo. Mche tulio nao hapa ni wa aina ya Dodo, lakini maelekezo yanafaa vilevile kwa Bolibo au Apple, na kwa sehemu kubwa yanafaa kwa mchungwa na mstafeli pia.

Kabla hamjashika ndoo, tazameni kwanza chini ya mche. Kamera ikisogea karibu mtaona mpaka kati ya udongo mweusi uliotoka kwenye kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea miche, na kichanga cheupe cha kiwanja hiki. Mche huu umepandwa, lakini mizizi yake karibu yote bado imo ndani ya donge lile la udongo mweusi, na itachukua wiki nyingi kabla haijatoka na kuenea pembeni. Donge hilo ndilo mnalolitunza. Udongo wa bustani za miche huchanganywa na samadi na pumba za mpunga, kwa hiyo ni mwepesi, na kwa kuwa majani yote yanavuta maji humo, hukauka haraka kuliko ardhi inayolizunguka. Maji yaliyo pembeni hayahamii ndani ya donge kwa urahisi. Ndiyo maana mtu anaweza kumwagilia uwanja mzima kwa mpira hadi ukalowa vizuri, naye akashangaa kuona mche unakauka katikati ya ardhi yenye unyevu.

Sasa tupime unyevu. Chukueni kijiti kikavu, hata kile cha mshikaki kinafaa, mkichomeke taratibu ndani ya donge lenyewe, karibu na shina lakini bila kuligusa, hadi kina cha urefu wa kidole. Kiacheni kwa dakika chache, kisha kichomoeni. Kikitoka kimepoa, kimebadilika rangi na kushikwa na chembe za udongo, maji bado yapo na hamna haja ya kuongeza. Kikitoka kikavu na safi kama kilivyoingia, mche unahitaji maji leo. Rudieni kipimo hicho nje ya donge, kwenye kichanga, nanyi mtaona tofauti niliyoitaja. Ninasisitiza kijiti kwa sababu uso wa udongo hudanganya: juu unaweza kuwa umekauka na kupasuka huku chini kukiwa na unyevu wa kutosha, na miche mingi hufa kwa kuoza mizizi mikononi mwa watu wenye huruma nyingi.

Baada ya hapo tengenezeni kisahani. Hapa ninatumia jembe dogo kuinua tuta la duara lenye kimo cha takriban sentimita 10, na upana wake, kutoka ukingo hadi ukingo, ni sentimita 50 hivi. Kwa mwezi wa kwanza kisahani kisiwe kikubwa zaidi ya hapo, kwa kuwa shabaha yetu ni kuyalazimisha maji yashuke kupitia kwenye donge badala ya kutawanyika kichangani. Angalieni pia kwamba udongo haujafunika kiungo, yaani pale kikonyo, kile kitawi cha aina bora, kilipounganishwa na shina la chini. Sehemu hiyo ibaki juu ya ardhi kwa kadiri ya upana wa kiganja au zaidi.

Tunamwagilia hivi. Mimina nusu ya maji polepole karibu na shina, subiri yanywewe, kisha mimina nusu iliyobaki. Donge lililokauka sana huyakataa maji mwanzoni, nayo huteleza pembeni, kwa hiyo ule mmimino wa kwanza kazi yake ni kulilainisha tu. Kwenye kichanga cha namna hii, ambacho wakazi wengi wa Kigamboni na maeneo mengine ya ufukweni wanakifahamu, lita 5 kila asubuhi zinatosha kwa wiki mbili za mwanzo. Kuanzia wiki ya tatu ongezeni hadi lita 10 kila baada ya siku moja, na mwezi wa pili panueni kisahani na kutoa ndoo nzima ya lita 20 mara mbili kwa wiki, ili mizizi ifuate maji chini na pembeni badala ya kubaki juu ikisubiri kunyweshwa. Walio kwenye mfinyanzi, kama ule wa mabondeni, wapunguze idadi ya siku kwa nusu au zaidi, kwa kuwa udongo huo huyashika maji kwa muda mrefu. Hata hivyo hesabu hizi ni za kuanzia tu. Kijiti na ratiba vikipingana, kifuateni kijiti. Jambo jingine la nyumbani ambalo si dogo: mteueni mtu mmoja wa kumwagilia, maana baba akimwagilia alfajiri, dada akarudia saa 3 na watoto wakamalizia jioni, kila mmoja atakuwa ametenda wema na mche utakuwa umezama.

Wakati unaofaa zaidi ni kabla ya saa 2 asubuhi, ili mche ulikabili jua ukiwa umeshiba. Ikishindikana, saa 11 jioni inafaa. Wanaotumia mpira wa maji wakumbuke kwamba maji yaliyolala ndani ya mpira ulioanikwa juani huwa ya moto kiasi cha kuunguza mkono, kwa hiyo yaelekezeni pembeni kwanza hadi yapoe, ndipo muuelekeze mpira kwenye kisahani.

Sasa tutazame majani, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotoshwa. Mnaona majani haya machanga ya juu, yenye rangi nyekundu inayoelekea shaba, yamelegea na kuning'inia kama nguo kwenye kamba. Huo si ugonjwa wala kiu. Mwembe hutoa majani kwa awamu, na yakiwa machanga hutoka mekundu, laini, yakining'inia. Baada ya wiki kadhaa hugeuka kijani, hukakamaa na kujinyoosha. Dalili ya kiu itafuteni kwenye majani yaliyokomaa. Na hata hayo, yakilegea saa 8 mchana kisha yakawa yamesimama tena alfajiri ya kesho yake, mche ulikuwa unajihami tu dhidi ya joto. Yakibaki yamelegea alfajiri, pimeni kwa kijiti: donge likiwa kavu, upeni mche maji, likiwa limelowa na lina harufu ya uvundo, acheni kumwagilia, bomoeni tuta upande mmoja na liacheni lipumue.

Dalili ya tatu inahusu maji yenyewe. Ncha na kingo za majani yaliyokomaa zikiwa kama zimeunguzwa, na juu ya udongo kukiwa na utando mweupe, mara nyingi chanzo ni chumvi ya maji ya kisima, na mwembe hauvumilii chumvi vizuri, hasa ukiwa mdogo. Mwenye maji ya bomba ya DAWASA ayatumie hayo kwa mche, na yale ya kisima ayaache kwa kazi nyingine. Asiye na njia ila kisima asimwagilie kidogo kidogo kila siku, kwani kila tone linapokauka huacha chumvi yake hapohapo. Ni afadhali kumwaga mengi kwa mara moja, ardhi ikiwa inapitisha maji vizuri, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Mvua yoyote ikinyesha, kingeni maji yake chini ya mgongo wa bati.

Tukitoka kwenye maji tunafika kwenye matandazo. Tandazeni nyasi kavu, majani makavu au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, ndani ya kisahani chote, ila mwache duara tupu la upana wa kiganja kuzunguka shina. Matandazo hukinga ardhi isipigwe na jua moja kwa moja, na kwenye kichanga yanaweza kuokoa sehemu kubwa ya maji ambayo yangepotea hewani. Kasoro yake ni mchwa, ambao huja kufuata nyasi kavu na wakikosa za kutosha hupanda kwenye gome. Kila wiki inueni matandazo na kuangalia. Mkiona vijia vya udongo vikipanda shinani, viondoeni kwa mkono na kuyasogeza matandazo mbali zaidi. Maranda mapya ya seremala siyapendi kwa kazi hii, kwa sababu huvuta mchwa na yakianza kuoza hushindania naitrojeni na mche.

Kivuli nacho kina namna yake. Miche mingi inayouzwa kandokando ya barabara zetu imekulia chini ya miti au chini ya neti, na majani yake hayajazoea jua kali. Ikitolewa hapo na kusimamishwa uwanjani mwezi Januari, majani hubabuka kwa mabaka meupe yanayogeuka kahawia. Hapa nimesimika fito nne nje ya kisahani, nikaweka juu yake neti ya kivuli ya asilimia 50, yaani inayozuia nusu ya mwanga, na upande wa magharibi nikaishusha hadi chini, kwa kuwa jua la kuanzia saa 7 hadi saa 10 ndilo linaloumiza zaidi. Makuti machache yaliyopangwa kwa nafasi yanafanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo. Upande wa mashariki uacheni wazi, jua la asubuhi liingie, na msizibe pande zote, kwani hewa isipopita joto litazidi humo ndani kuliko nje. Baada ya wiki nne hadi sita anzeni kukiondoa kivuli kwa awamu, mkichagua siku za mawingu. Mche uliopandwa karibu na ukuta wa matofali uachiwe kivuli kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa ukuta hutunza joto hadi usiku.

Kaskazi ikivuma kwa nguvu hulitikisa shina, na mizizi michanga inayoanza kutoka nje ya donge hukatika. Simikeni mti mmoja wa kuegemea upande wa kaskazini mashariki, nje ya donge, kisha mfunge shina kwa ukanda wa mpira wa baiskeli katika umbo la nane, bila kukaza.

Kuna mambo ya kutofanya katika kipindi hiki. Msiweke mbolea ya urea wala samadi mbichi, kwani mizizi midogo iliyo kwenye udongo wa moto huungua kwa urahisi. Msiukatie matawi mche kwa kudhani mnaupunguzia mzigo. Majani yaliyopo ndiyo yanayoilisha mizizi mipya. Yakateni maotea tu, yaani machipukizi yanayotoka chini ya kiungo, kwa sababu hayo ni ya shina la chini na yakiachwa yataupiku mwembe mlioununua. Mche ukitoa maua, yaondoeni yote mwaka huu, hata kama inauma. Na ule mkanda wa plastiki kwenye kiungo, ikiwa bado upo na kiungo kimeshikana vizuri, ukateni kwa wembe kabla haujalikaba shina.

Wanaosafiri kwenda mikoani mwishoni mwa mwaka, ambao mara nyingi hurudi na kukuta vijiti vikavu, wafanye hivi: wazike mtungi mdogo wa udongo, usiopakwa rangi, pembeni mwa donge, waujaze maji na kuufunika, nayo yatavuja taratibu kupitia kwenye kuta zake. Chupa mbili za lita 1.5 zilizotobolewa tundu dogo kwenye kifuniko na kuchomekwa kichwa chini husaidia kwa siku mbili au tatu, si zaidi. Kwa safari ya wiki mbili mwombeni jirani, na mwonyesheni kijiti. Mkirudi na kukuta majani yote yamepukutika, msiung'oe mche. Kwangueni gome kidogo kwa ukucha, juu ya kiungo: chini yake kukiwa kijani na kubichi, endeleeni kuumwagilia kwa kiasi na kuuwekea kivuli, maana unaweza kuchipua tena. Pakiwa kahawia na pakavu, kwangueni chini zaidi. Ikiwa ubichi unaanzia chini ya kiungo tu, kitakachochipua ni shina la chini na hakitazaa Dodo.

Masika yakianza, acheni kumwagilia, bomoeni tuta la kisahani upande wa mteremko ili maji yasituame shinani, na yapunguzeni matandazo yaliyolowa. Mbolea ya kwanza iwekeni wakati huo, mche ukiwa umeshatoa awamu mpya ya majani na yamegeuka kijani: debe moja la samadi iliyooza vizuri, litandazwe kwenye ukingo wa nje wa kisahani, mbali na shina.