Askari wa kuchezea anageuka mvuvi wa dagaa: jinsi ya kulegeza na kukunja plastiki

Wadau mwangaluka, karibuni tena kwenye meza yangu hapa Kirumba, Mwanza. Mnamuona huyu? Askari wa plastiki, kasimama wima, bunduki mkononi, urefu wake sentimita tano, yaani skeli ya 1 kwa 35, mtu wa kawaida ukimgawa kwa 35 ndo unampata huyu. Leo tunamnyang'anya bunduki tunamfanya mvuvi wa dagaa anavuta wavu, na ili avute wavu lazima mikono ikunjwe upya na mgongo uiname, kwaiyo kazi yetu leo ni hiyo tu, kulegeza plastiki na kuikunja bila kuivunja wala kuiyeyusha.

Kabla hujawasha jiko jua kwanza umeshika plastiki gani, hapa ndo watu wengi wanaharibu. Chukua kikombe cha maji, kata kipande kidogo kwenye kile kitako anachosimamia mdoli, kitumbukize alafu kisukume na kidole kiloe vizuri maana kikibeba kapovu ka hewa kitakudanganya. Kikielea, mara nyingi hiyo ni polithini, achana nayo. Ukiipasha inakunjika vizuri tu, unafurahi, ukigeuka kuchukua chai unakuta imesharudi ilivyokuwa, na gundi haiishiki wala rangi haikai. Kikizama hapo tunaongea, kwa midoli ya aina hii mara nyingi itakuwa PVC au polistairini. Kutofautisha hizo mbili mi natumia kucha na sikio: PVC ya midoli ukiibonyeza na kucha inabonyea kidogo na ukiipinda inanesa, polistairini ni ngumu, ukiidondosha mezani inalia ka! na ukiilazimisha inakatika. Zile modeli za ndege na vifaru za kuunganisha, zinazokuja vipande vimeshikana kwenye fremu, nyingi ni polistairini.

Huyu wetu kazama na kucha imeingia, kwaiyo ni PVC, mtoto mwepesi huyu. PVC inaanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi, na hii laini ya midoli hata kabla ya hapo, kwaiyo maji ya moto yanatosha. Sufuria iwe ya kazi hii tu, sio ile ya ugali, mama mwenye nyumba akikukuta umechemsha midoli kwenye sufuria yake usinitaje. Pembeni weka bakuli la maji baridi, ya barafu kama unayo.

Tumbukiza mkono tu, mwili ubaki nje, shika na kibano, hesabu mpaka thelathini. Toa, gusa. Ukiwa umelegea unaukunja kama unavyokunja ufito mbichi, polepole, nguvu ya vidole viwili. Ukisikia unagoma usilazimishe, rudisha kwenye maji. Ukifika unapotaka, usiachie! Ingiza kwenye maji baridi ukiwa bado umeukamata hivohivo, hesabu tena ishirini, ndo uachie. Wengi wanaachia mapema alafu wanasema plastiki mbovu. Na ukikosea usiogope, plastiki ya kumiminwa kwenye moldi inakumbuka ilivyozaliwa, irudishe kwenye maji ya moto utaona mkono unajinyoosha wenyewe, unaanza upya.

Sasa sogeza kamera hapa, angalia kiwiko. Mnaona shida? Umekunjika lakini umekuwa kama mrija, hauna mfupa. Mkono wa mtu una kona bwana. Juzi nilishuka pale Mwaloni, kwenye soko la samaki, asubuhi nikasimama nawaangalia jamaa wanavuta kamba, mtu akivuta kitu kizito kiwiko kinatoka nyuma kabisa kinapita mbavu, bega linashuka, na kichwa hakiangalii mikono, kinaangalia majini. Kwaiyo tunafanya hivi: kabla ya kupasha, chukua wembe, kwa ndani ya kiwiko toa kipande cha umbo la V, usifike ng'ambo, acha kama robo ya unene. Sasa pasha, kunja, ile V inajifunga na nje inatokea kona safi. Tone moja la supaglu ndani ya ule ufa, na kama nje plastiki imenyooka ikaacha kauwazi unaziba na ile epoksi ya kukanda ya mafundi bomba, inapatikana duka lolote la hadwea, alafu msasa laini. Mgongo ni hivohivo, V yake unaitoa tumboni.

Haya, polistairini sasa, na hapa nina kisa. Nilipoanza haya mambo nilikuwa naangalia video za wazungu, wanasema chovya kwenye maji yanayochemka, kunja. Nikachovya, nikakunja, kasia la modeli likakatika vipande viwili. Nikachemsha zaidi, lingine tena likakatika. Nikadhani mikono yangu ndo mibaya. Kumbe polistairini inaanza kulegea kwenye nyuzi 100 hivi, hata walioko usawa wa bahari wanaipata kwa shida, na sisi huku tuko juu, ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 kutoka usawa wa bahari, kwaiyo maji ya Mwanza yanachemka kwenye nyuzi kama 96 na hapo hayapandi tena hata ukichochea moto mpaka kesho. Kuna mshkaji akaniambia tia chumvi. Chumvi gramu 60 kwenye lita moja inakupandishia nyuzi moja tu, utapata supu sio modeli. Mafuta ya kupikia ndo usijaribu kabisa, utaungua na rangi haitashika.

Dawa yake ni hewa ya moto. Kama una rafiki fundi simu muombe ile blowa yake, weka 120, feni chini kabisa, shika mbali kama upana wa kiganja, zungusha zungusha usikae sehemu moja. Huna blowa, mshumaa unatosha, ila kipande kiwe juu ya moto, sentimita tatu juu ya ncha, sio ndani ya moto, na ukizungushe kama unachoma mshikaki. Subiri mpaka uone kimeanza kung'aa na kuinama chenyewe, papo hapo toa, kunja, ganda hivohivo mpaka kipoe. Ukichelewa sekunde mbili kinadondoka tone, nishapoteza mikono mitatu hivo. Na fanyeni asubuhi, mchana upepo wa ziwani ukianza moto wa mshumaa unalala huku na huku, dirisha nalo huwezi kufunga maana unahitaji hewa, mi nazungushia kopo la maziwa lililokatwa ubavu. PVC usiipeleke kwenye moto hata kidogo, ikiungua inatoa gesi ya asidi, inachoma macho na kifua.

Ile fremu ya polistairini iliyobaki msitupe. Kata kipande cha kidole, pasha katikati juu ya mshumaa, kikilegea toa kwenye moto ndo uvute pande mbili. Ukivuta haraka unapata uzi mwembamba kama unywele, ukivuta taratibu unapata kamba nene. Hii ndo kamba ya wavu wetu, na vipande vinene nimekunjia mataruma, zile mbavu za ndani za mtumbwi, nimevizungushia kwenye kalamu vikapata mduara mmoja wote.

Cha mwisho, kabla ya rangi toboa kiganja na sindano, pitisha waya mwembamba mpaka kwenye kamba, na kwenye kiwiko pia pitisha mwingine. Mvuvi wangu wa kwanza sikumuwekea waya. Nikampaka rangi, nikamuweka kwenye dashibodi ya gari la kaka nikampeleke Nyegezi kumuonyesha mtu, tukapaki juani saa nzima tunakula. Kurudi, mikono imenyooka mbele kama siku aliyotoka kiwandani, wavu uko chini kwenye kapeti.