Magunzi, togwa na kesi ya gongo

MWANA: Tunarekodi? Haya wadau karibuni, mie ni Mwana yuleyule, na kabla ya salamu naomba iingie kwenye rekodi kwamba sijapika gongo.

SHEDY: Mama mwenye nyumba anasemaje?

MWANA: Mama mwenye nyumba kanigongea saa kumi na mbili asubuhi na khanga yake kifuani, ananusa mlango, ananiambia binti, hapa kwangu wanakaa watu wa mshahara, mambo ya mitambo sitaki.

SHEDY: Waambie basi kilikuwemo nini kwenye ndoo.

MWANA: Magunzi! Si nilikwambia nimesoma kwamba gunzi la hindi ni sukari imefungiwa tu humo ndani, sa nikawaza pale mashineni yanamwagwa viroba kwa viroba, nikabeba kiroba, kutwanga kukanishinda, nikampa kijana wa mashine elfu tano akasaga huku analalamika namharibia chekeche, nikachemsha, nikaacha yakawa vuguvugu, nikatia kimea cha ulezi, nikafunika siku tatu.

SHEDY: Yaani umepika togwa ya magunzi.

MWANA: Na ikatoa povu Shedy. Povu kabisa, na kautamu kwa mbaali.

SHEDY: Dada yangu, povu la kimea hilo. Ulezi una wanga wake, kimea kimekula cha kwao, magunzi yamekaa pembeni kama waalikwa wasiojua bibi harusi nani. Ungeweka ndoo ya pili, maji na kimea bila gunzi, ungepata povu lilelile.

MWANA: Niliweka juzi.

SHEDY: Ikawaje?

MWANA: Lilelile. Tuendelee.

SHEDY: (anacheka) Hapana hapana, usikimbie.

MWANA: Sawa, kosa langu hili hapa. Wanga ni mnyororo wa glukosi, yaani punje za sukari zilizoshikana, na selulosi, ule unyuzi wa kwenye gunzi, ni mnyororo wa glukosi hiyohiyo, tofauti ni kiungo tu, namna punje moja inavyoshikana na mwenzake. Kimeng'enya cha kimea, ile kitu inayokata mnyororo, kinajua kiungo cha wanga basi. Cha selulosi hakikijui. Halafu hiyo minyororo imelala imebanana, imezungushiwa hemiselulosi, mnyororo mwingine wa sukari, na lignini, ile inayofanya mti uwe mgumu, imeshindilia kila mahali kama zege.

SHEDY: Ila hata uji wa kawaida ukikosea unakosa togwa. Wewe ulitia kimea uji ukiwa wa moto kiasi gani?

MWANA: Bibi yangu Korogwe anachovya kidole, akihesabu mpaka kumi bila kukitoa ndo anatia.

SHEDY: Sisi Dodoma tunahesabu mpaka tano.

MWANA: Tano mnakiua kimea! Joto likizidi kimeng'enya kinakufa, uji unabaki mzito, hauwi togwa.

SHEDY: Togwa yetu inalegea vizuri tu, mbona hukuilalamikia kwenye msiba wa baba mkubwa, ulikunywa vikombe vinne.

MWANA: Vitatu. Na ilikuwa na uchachu.

SHEDY: Ilikuwa siku ya pili ile! Togwa ya siku ya pili lazima ichachuke, mtu wa Tanga anataka togwa ikae kama soda.

MWANA: Hata viwandani wanapima joto, kaka. Vimeng'enya vya selulosi wanavifanyisha kazi kwenye nyuzi hamsini hivi, siku mbili tatu, sawa na mimi na ndoo yangu.

SHEDY: Wewe na ndoo yako mlikuwa na kimea cha elfu mbili. Wao wanatoa wapi?

MWANA: Kwenye ukungu. Hii nimeipenda we acha. Vita ya pili ya dunia wanajeshi wa Marekani wako visiwa vya Solomon, mahema na magwanda ya pamba yanaoza hovyo, yanatoboka. Wakachukua sampuli maabara, wakakuta kuna fangasi anakula pamba, na pamba si ndo selulosi yenyewe. Baadaye wakampa jina la mtafiti wao Elwyn Reese, Trichoderma reesei. Viwanda vinavyotumia fangasi huyo mpaka leo, ukoo wote umetoka kwenye sampuli ile moja.

SHEDY: Kumbe turubai la msiba wetu lilitobolewa na mwekezaji.

MWANA: Na kabla ya hapo, 1819, kuna Mfaransa, Henri Braconnot, alitia vitambaa vya kitani kwenye asidi ya salfa akapata sukari. Na ikazidi uzito wa vitambaa.

SHEDY: Huo upatu.

MWANA: Siyo upatu! Kila kiungo kikikatika kinaingiza maji. Kilo 100 za selulosi ukizivunja zote unapata kilo 111 za glukosi.

SHEDY: Weka mia uchukue mia na kumi na moja. Mwana, nimeshaliwa mara mbili kwa sentensi hiyohiyo, tena na mtu wa kanisani.

MWANA: Nisikilize basi. Lazima kwanza ulegeze lile zege, kwa mvuke wa presha unaoachiwa ghafla, au asidi nyepesi kwenye joto kali, ndo vimeng'enya vipate pa kuingilia. Ukizidisha joto sukari yenyewe inaungua inatoa vitu vinavyoisumbua hamira. Na karibu nusu ya utamu wa gunzi ni zailosi, sukari ya kwenye hemiselulosi, ambayo hamira ya kawaida haili.

SHEDY: Sasa inafaa nini?

MWANA: Wachina wanaigeuza kuwa zailitoli, ule utamu wa kwenye bigijii zisizo na sukari.

SHEDY: Gunzi hilohilo ambalo kijijini lina kazi nyingine kule nyuma ya nyumba, mtu analitafuna mjini?

MWANA: Shedy kuna watu wanakula.

SHEDY: Haya niseme langu sasa, maana tangu tuanze unaongea kama magunzi ni taka. Taka ya nani? Kwetu ukivuna mtama au mahindi, ng'ombe wanaingia shambani kula mabua mpaka mvua zije. Gunzi mama anawashia moto. Ukija na lori kubeba, ng'ombe ale nini?

MWANA: Mimi nasema gunzi, siyo mabua.

SHEDY: Nimesema gunzi linawashwa. Na hao Wamarekani si walijaribu? Kampuni ya DuPont walifungua kiwanda cha mabua ya mahindi 2015, mji unaitwa Nevada lakini uko Iowa, kimejengwa kutoa galoni milioni 30 za ethanoli, spiriti ya kuendeshea magari, kwa mwaka. 2017 wakaachana nacho.

MWANA: Waliungana na kampuni nyingine, Dow, wakaamua kutoka kwenye biashara hiyo, siyo kwamba sukari iligoma. Brazili, mji wa Piracicaba, kulikuwa na kiwanda kilichotoa ethanoli kwenye makapi ya miwa, na makapi yalikuwa palepale kiwandani, hakuna cha kunyang'anya ng'ombe wa mtu.

SHEDY: Kilombero makapi yanaingia kwenye boila yanatoa umeme. Yana kazi tayari.

MWANA: Na magunzi ya mashineni yanayochomwa moshi mtaa mzima tunakohoa, yana kazi gani?

SHEDY: Mkulima angeyarudisha shambani.

MWANA: Harudishi!

SHEDY: Basi umsomeshe mkulima, usimletee kiwanda.

MWANA: Hapo sikubali.

SHEDY: Na mimi sikubali. Hiyo ni nini inalia?

MWANA: Luku. Imebaki uniti moja na nusu.

SHEDY: Na yale mambo matatu tuliyopanga kumwambia mtu anayetaka kuanza kutoa sukari kwenye magunzi?

MWANA: Tungeanza na la kulegeza zege na chokaa au magadi, ila ni refu... tuache, wiki ijayo kuna mgeni.

SHEDY: Ndoo yenyewe iko wapi?

MWANA: Mama mwenye nyumba kaibeba, anasema ushahidi.

SHEDY: Mwana, ile ndoo ni yangu.

MWANA: Najua. Na mfuniko pia.