Jumba Bovu la Buckner, Mita 27 za Roberts

NEEMA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Neema, nipo na kaka Salim. Leo tuko Boston na Red Sox, timu ya besiboli iliyotwaa ubingwa mwaka 1918, kisha ikakaa miaka 86 bila kuuona tena. Tuanzie wapi, kaka?

SALIM: Kwa Bill Buckner, mlinzi wa kituo cha kwanza wa Boston, dada Neema, maana yule bwana aliangushiwa jumba bovu. Hadi leo ukitaja fainali ya 1986, watu wanakumbuka kitu kimoja tu: mpira ulimpita katikati ya miguu, Boston ikakosa ubingwa. Lakini mpira ulipompita, mechi ilikuwa tayari sare ya 5-5.

NEEMA: Tuwaweke sawa kwanza wanaoisikia besiboli leo. Mechi ina ngwe 9. Katika kila ngwe, kila timu inapiga mpaka watu wake 3 watolewe. Mkifungana baada ya ngwe 9, mnaongeza mojamoja hadi mmoja azidi. Ukipiga, unakimbilia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu unarudi nyumbani ulikopigia. Ukifika nyumbani salama, hiyo ni pointi.

SALIM: Haya. Ni Oktoba 25, 1986, uwanja wa Shea, New York, mechi ya 6 ya fainali dhidi ya Mets. Bingwa ni wa kwanza kushinda mechi 4; Boston ina 3, imebakiza mmoja tu. Katika ngwe ya 10, Dave Henderson wa Boston anaupiga mpira unavuka uzio, yaani pointi ya moja kwa moja, kisha inaongezwa pointi nyingine. 5-3. Mets wanaingia kupiga. Wa kwanza mpira wake unadakwa angani, anatolewa. Wa pili vilevile. Imebaki roho moja.

NEEMA: Anayerusha upande wa Boston ni Calvin Schiraldi. Gary Carter anapiga, anafika kituo cha kwanza. Kevin Mitchell naye. Ray Knight anafikishwa straiki 2, yaani mirusho halali aliyoikosa; ya 3 humtoa mpigaji, kwa hiyo straiki moja zaidi na ubingwa ni wa Boston. Naye anapiga, mpira unadondoka katikati ya uwanja, Carter anarudi nyumbani. 5-4, na Mitchell yuko kituo cha tatu. Buckner bado hajagusa chochote.

SALIM: Kocha John McNamara anamtoa Schiraldi, anamwingiza Bob Stanley amkabili Mookie Wilson. Wilson anarushiwa mipira 10. Ule wa 7 ndio ninaotaka watu waukumbuke. Stanley anaurusha ndani mno, kuelekea miguu ya Wilson. Wilson anaruka kuukwepa, mdakaji Rich Gedman, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, anashindwa kuuzuia, unakwenda hadi ukutani. Mitchell anatoka kituo cha tatu, anafunga bila kuguswa. 5-5. Uongozi umeondoka hapo, kwenye mpira ambao haukupigwa na mtu.

NEEMA: Mdakaji mpira ukimjia pembeni na chini hivyo, anatakiwa ahamishe miguu, apige magoti mbele yake na auzuie kwa kifua. Haijalishi kama ataudaka. Cha muhimu udondoke karibu yake. Akinyoosha mkono tu na glavu, ukimpita hana kinga ya pili.

SALIM: Na huku nyuma Knight amesogea kituo cha pili, kisha anakiacha mbali. Marty Barrett wa Boston yuko pale anaita arushiwe amnase, yaani amguse kwa mpira akiwa nje ya kituo. Stanley hamwoni. Ndipo mpira wa 10, Wilson anaupiga unatambaa kuelekea kituo cha kwanza, unampita Buckner chini ya glavu, Knight anafunga. 6-5.

NEEMA: Swali la haki ni kwa nini alikuwa bado uwanjani. Alikuwa na umri wa miaka 36 na vifundo vya miguu vilivyochakaa, anavaa viatu virefu ili vimshikilie. Katika mechi zote 3 ambazo Boston ilishinda kwenye fainali hiyo, mwishoni Dave Stapleton alikuwa amechukua nafasi yake ya ulinzi. Usiku ule McNamara alimwacha.

SALIM: Na fainali haikuishia pale! Mechi ya 7 ilikuwepo. Boston iliongoza 3-0, ikafungwa 8-5. Buckner alibeba lawama kwa miaka zaidi ya 20, mtu aliyekuwa amewaletea Boston pointi 102 kwa gongo lake msimu ule. Aprili 2008 walimwita Fenway Park, uwanja wa Red Sox, kurusha mpira wa kufungua mechi ya kwanza ya nyumbani, uwanja mzima ukasimama kumshangilia. Alilia. Ilichelewa mno, lakini nafurahi aliiona kabla hajafariki mwaka 2019.

NEEMA: Kuna wanaosema ile ilikuwa laana ya Babe Ruth, nyota wa Red Sox aliyeuzwa kwa Yankees ya New York mwishoni mwa 1919 kwa dola 100,000, na mwenye timu Harry Frazee akapata pia mkopo wa dola 300,000, dhamana ikiwa Fenway Park yenyewe.

SALIM: Laana haina mkono wa kurusha mpira. Angalia fainali zilizofuata: 1946, 1967, 1975 na 1986. Zote 4 walifungwa kwenye mechi ya 7. Timu mbovu haifiki hapo. Ile ya 1975 Carlton Fisk aliwaokoa mechi ya 6 kwa mpira uliogonga nguzo ya mpaka wa kushoto, unaohesabiwa kama umevuka uzio, katika ngwe ya 12, huku anaupungia mikono uingie ndani, kesho yake wakafungwa 4-3 na Cincinnati.

NEEMA: Sasa tuje Oktoba 17, 2004. Fainali ya ligi yao, ambayo mshindi wake huenda fainali kuu, mechi ya 4, ndani ya Fenway. Yankees wameshashinda mechi 3 kwa 0, na ya tatu ilikuwa 19-8. Hadi usiku huo hakuna timu ya ligi kuu ya besiboli iliyokuwa imewahi kupindua 3-0. Ngwe ya 9, Yankees wanaongoza 4-3, na anayerusha ni Mariano Rivera, bora kuliko wote kwa kufunga mlango, yaani kulinda uongozi mwishoni mwa mechi. Kevin Millar anapewa kituo cha kwanza bure kwa mipira 4 mibovu. Kocha Terry Francona anamtoa Millar, anamwingiza Dave Roberts akimbie badala yake. Kila mtu uwanjani anajua Roberts kaja kuiba kituo cha pili, yaani kukikimbilia mpira ukirushwa, bila kungoja upigwe.

SALIM: Twende taratibu hapa. Kutoka kituo cha kwanza hadi cha pili ni futi 90, mita 27.4. Mkimbiaji anajitanguliza mita 3 na nusu hadi 4. Upande wa pili, mrushaji tangu aanze mwendo hadi mpira kuingia kwenye glavu ya mdakaji ni kama sekunde 1.3. Mdakaji kuudaka, kuutoa na kuufikisha kituo cha pili, mita karibu 39, ni kama sekunde 2. Jumla una sekunde 3.3, na ndani yake bado mlinzi lazima akuguse.

NEEMA: Kwa hiyo wizi unaamuliwa na hatua ya kwanza. Rivera anatumia mkono wa kulia, kwa hiyo amekupa mgongo. Unamtazama miguu. Kisigino cha mguu wa nyuma kikiinuka kwanza, anageuka kukunasa, rudi haraka. Mguu wa kushoto ukiinuka, sheria imeshamfunga, lazima aurushe kwa mpigaji. Hapo unapitisha mguu wa kushoto mbele ya wa kulia, umeinama. Wengi wanaharibu kwa kusimama wima kwanza, na hiyo inakula muda wote uliokuwa nao. Wengine wanateleza mapema mno, wanapunguza kasi kabla ya kituo.

SALIM: Msimu ule Roberts alijaribu mara 41 akafaulu 38. Lakini alikuwa amekaa benchi usiku kucha, miguu imepoa. Na Rivera akamsaidia bila kukusudia. Alirusha kituo cha kwanza kumnasa mara 3 mfululizo. Kila mara Roberts anarudi, vumbi, anainuka. Baadaye mwenyewe alieleza kwamba mirusho ile ndiyo iliyomtoa wasiwasi na kumwingiza mchezoni.

NEEMA: Kisha Rivera anarusha kwa mpigaji, na Roberts anaondoka hapohapo. Jorge Posada anaurusha vizuri, sioni kosa lake. Derek Jeter anaupokea, anashusha glavu. Mkono wa Roberts umeshagusa kituo. Tofauti ni upana wa kiganja! Bill Mueller anapiga katikati, Roberts anafunga, 4-4. Angebaki kituo cha kwanza, mpira ule haumfikishi nyumbani.

SALIM: David Ortiz akamaliza kwa kuuvusha uzio katika ngwe ya 12, 6-4, saa 7 na dakika 22 usiku. Mechi ya 5 ngwe 14, Ortiz tena, 5-4. Ya 6, Curt Schilling alirusha huku kano ya kifundo imeshikiliwa kwa nyuzi, soksi inavuja damu, 4-2. Ya 7 kule New York ilikuwa 10-3. Fainali kuu waliifagia St. Louis mechi 4 kwa 0.

NEEMA: Na Roberts?

SALIM: Katika fainali ya ligi alikimbia kwenye mechi ya 4 na ya 5, zote akafunga pointi ya kusawazisha, na hakushika gongo hata mara moja. Fainali kuu hakuingia uwanjani kabisa.