Ceaușescu: tarishi wa Sultani ndani ya jina la ukoo

Ndugu zangu, leo nimechagua jina moja tu la Kiromania, na nyote mmeshalisikia: Ceaușescu. Litamkeni "Chaushesku". Mwenyewe ni Nicolae Ceaușescu, dikteta wa zamani wa Romania; siasa zake tuziache. Alipigwa risasi katika mji wa Târgoviște tarehe 25 Desemba 1989. Sisi tunalitaka jina.

Mkia wake ni rahisi. "-escu" humaanisha "wa fulani". Ionescu ni wa Ion, yaani Yohana. Popescu ni wa kasisi, "popă", na kwa kuwa kasisi wa parokia ya Kiorthodoksi huoa akazaa, akina Popescu wamejaa tele nchini.

Utamu uko kwenye kichwa. "Ceauș" ni neno la Kituruki, çavuş: tarishi wa Sultani wa Uturuki, baadaye cheo cha jeshini, sawa na sajenti. Wallachia, eneo la kusini mwa Romania alikozaliwa Nicolae Ceaușescu katika kijiji cha Scornicești mwaka 1918, iliwahi kuwa chini ya Waosmani, yaani dola ya Sultani huyo, kwa karne nyingi, na watawala wake waliazima vyeo vya Istanbul. Neno hilo limezaa koo nyingine pia: Bosnia wapo akina Čaušević, Bulgaria akina Chaushev.

Hata huku limefika, msishangae. Mwaka 1889 Mjerumani Wissmann aliajiri askari wa Kisudani huko Misri, nao wakaja pwani yetu na vyeo vyao vya Kituruki: ombasha, shaushi, efendi. Shaushi ndiye çavuş yule yule. Siku hizi hatajwi, lakini efendi bado tunampigia saluti kila siku: afande!

Sasa, je, babu wa ukoo ule alikuwa sajenti wa Mturuki? Hapo ndipo wengi huteleza. Neno kuwa la Kituruki hakumfanyi mwenye jina kuwa Mturuki. Huenda babu alikuwa tarishi wa mtawala wa Kiromania. Huenda alimtumikia tarishi. Huenda alipenda tu kuamrisha wenzake, kijiji kikambandika jina. Isitoshe, sheria iliyowataka Waromania wawe na jina la ukoo lisilobadilika ni ya mwaka 1895. Kabla ya hapo mkulima alijulikana kwa jina lake na la baba yake, na mjukuu angeweza kuitwa vingine kabisa.

Kwa hiyo kamusi hutupa maana ya jina. Mtu wa kwanza kulibeba hutafutwa kwenye daftari za vizazi, ndoa na vifo. Za serikali huko zilianza mwaka 1865. Za nyuma ya hapo ni za kanisa, tena nyingi zimeandikwa kwa herufi za Kisirili, zinazofanana na za Kirusi, maana Kiromania kilihamia rasmi herufi za Kilatini mwanzoni tu mwa miaka ya 1860. Anayetaka kuifanya kazi hii aanze kwa kujifunza kuzisoma.