Gaiman: Mji Ulioletwa na Mfereji

ZUHURA: Karibuni. Leo tuko Patagonia, kusini mwa Argentina, kwenye bonde la mto Chubut. Mji unaitwa Gaiman, na hadi leo shuleni hapo kuna watoto wanaosoma kwa Kiwelisi. Kaka Baraka, watu wa Wales walifuata nini huko?

BARAKA: Walifuata mahali pa kuishi kwa lugha yao, maana kwao Kiingereza kilikuwa kinaibana. Mchungaji Michael D. Jones ndiye aliyeupigia debe mpango huo. Merikebu Mimosa iliondoka Liverpool mwezi Mei 1865, ikatia nanga Golfo Nuevo, ghuba ya pwani ya Patagonia, tarehe 28 Julai, na abiria kama 150. Serikali ya Argentina iliwapokea kwa hesabu zake: ilitaka watu wa kukaa Patagonia ili nchi nyingine isiidai.

ZUHURA: Watehuelche, wenyeji wa pale, hawakuulizwa.

BARAKA: Hawakuulizwa, na bado ndio waliowafundisha wageni kuwinda, wakabadilishana nao nyama na ngozi kwa mkate. Baadaye jeshi la Argentina likawafurusha wenyeji hao.

ZUHURA: Tuje kwenye maji sasa.

BARAKA: Bonde lile hupata mvua isiyofika milimita 200 kwa mwaka. Wengi wa waliofika walikuwa wachimba makaa na mafundi, si wakulima. Wakapanda ngano wakasubiri mvua, kama inavyofanyika Wales. Ngano ikakauka. Kufikia 1867 walikuwa karibu kufungasha virago.

ZUHURA: Ndipo anapoingia Rachel Jenkins.

BARAKA: Ndiye anayetajwa. Mwishoni mwa 1867 mto ulikuwa umejaa, maji yamepanda juu kuliko shamba la mumewe, Aaron. Akashauri ukingo ukatwe, maji yaingie shambani. Ngano ikaota.

ZUHURA: Lakini mtaro wa namna hiyo ni wa bahati. Mto ukishuka, maji hayaufikii mdomo wake.

BARAKA: Kabisa. Hapo una njia mbili. Uzibe mto ili maji yainuke. Walijaribu, na mafuriko yakasomba vizuizi vyao. Au uende kuelekea mto unakotoka, uchukulie maji huko, kisha uyashushe kwa mfereji wenye mteremko mdogo kuliko wa mto. Chukua hesabu ya mfano tu: mto unashuka mita 1 kila kilomita, mfereji wako sentimita 30. Baada ya kilomita 5, maji ya mfereji yako mita 3.5 juu ya mto. Sasa unafungulia tu, yanateremka yenyewe hadi shambani.

ZUHURA: Na mteremko ukiukosea?

BARAKA: Ukiwa mkali, maji yanakula kingo. Ukiwa mdogo mno, tope linatuama, na kila msimu lazima mlizoe kwa sepetu. Hata mfereji mzuri hujaa tope, ila polepole.

ZUHURA: Kwangu mimi hilo tope ndilo lililowafanya kuwa mji. Mwenye shamba la juu akichota kupita kiasi, wa chini anakosa. Asiyekwenda kuzoa anawatesa wote. Hamwezi kuishi hivyo bila vikao, zamu na daftari. Wakulima wakaunda kampuni za mifereji, wenye hisa wakiwa wao wenyewe. Mwaka 1885 wakaanzisha na ushirika wa biashara, Compañía Mercantil del Chubut.

BARAKA: Na Gaiman yenyewe?

ZUHURA: Nyumba ya kwanza 1874, halmashauri 1885. Ngano ya bonde ikapata medali Paris 1889 na Chicago 1893. Reli ilikuwa imeshaunganisha Trelew, mji mwingine wa bonde hilo, na bandari ya Madryn tangu 1888, kwa hiyo mzigo ulikuwa na pa kupitia.

BARAKA: Halafu ikaja 1899. Mto ulifurika bonde zima. Nyumba za matofali mabichi hazihimili kulowa: chini kunalainika, ukuta unakaa chini wenyewe. Mwaka 1902 zaidi ya watu 200 wakahamia Kanada, Saskatchewan. Mafuriko yalikuja kudhibitiwa na bwawa la Florentino Ameghino, lililokamilika 1963.

ZUHURA: Bwawa halikuondoa chumvi, lakini.

BARAKA: Chumvi ni adui wa kimyakimya. Ukimwagilia bila mitaro ya kutoa maji, maji ya chini ya ardhi hupanda. Yakikaribia uso, jua linayavuta, yanakauka na kuacha weupe wa chumvi juu ya udongo. Mkulima akiona mazao yanadumaa anadhani ni kiu, anaongeza maji, na hapo ndipo anapomalizia shamba. Dawa ni mtaro wa kina, chini ya mizizi, wenye pa kumwagia.

ZUHURA: Siku hizi Gaiman inajulikana zaidi kwa chai na keki nyeusi. Princess Diana alikunywa chai hapo 1995, na picha zake bado zinavuta wateja.

BARAKA: Reli ilifungwa 1961, handaki lake la 1914 limebaki, watalii wanalipita kwa miguu. Mifereji bado ina maji.