Kipandauso Kinapokuja Kila Wiki

Ndugu walimu, asanteni kwa kunikaribisha. Najua wengi hapa mnafundisha huku kichwa kinagonga upande mmoja, mwanga wa dirishani unachoma macho, kelele za darasa hazivumiliki, na kichefuchefu juu yake. Kipandauso kisipotibiwa huchukua saa 4 hadi 72, na wanawake hukipata karibu mara tatu ya wanaume.

Huku kwetu kichwa kikiuma, wazo la kwanza ni malaria. Kupima ni vizuri. Kinachonisikitisha ni mgonjwa ambaye kipimo kimeonyesha hana malaria, bado anapewa dawa ya mseto. Mwezi ujao anaambiwa taifodi, unaofuata anaambiwa abadilishe miwani. Kipandauso hakionekani kwenye damu. Hutambuliwa kwa maelezo yako, kwa hiyo nenda hospitali na daftari: siku kilipoanza, upande gani, kilidumu saa ngapi, ulimeza nini, na kwa akina mama, tarehe za hedhi.

Mimi huanza kusoma pale palipoandikwa ulimeza nini. Dawa za maumivu zikizidi, zenyewe huanza kuleta kichwa. Kwa parasetamo au ibuprofeni peke yake, hatari inaanzia siku 15 kwa mwezi. Kwa zilizochanganywa na kafeini au kodeini, na kwa sumatriptani, ambayo ni dawa ya kutuliza kipandauso chenyewe, siku 10, mtindo huo ukizidi miezi mitatu. Unameza kwa kuwa kinauma, kinauma kwa kuwa unameza. Ukiacha, siku za mwanzo kichwa huzidi, ndiyo maana nataka uache ukiwa mikononi mwa daktari.

Kikikujia siku nne au zaidi kwa mwezi, muulize daktari habari za dawa ya kinga, ile inayomezwa kila siku ili kichwa kipungue kuja. Hapa naomba mnisikilize sana. Mama anapewa propranololi, akifika nyumbani shemeji anamwambia, "Hii si dawa ya presha?" Anaacha. Mwingine anapewa amitriptilini, anasikia ni ya sonona, anaona daktari amemdhania kichaa. Dawa moja inaweza kuwa na kazi mbili, na hizi zimesaidia watu wengi wa kipandauso kwa bei nafuu. Amitriptilini huanza kidogo, miligramu 10 au 25 usiku. Matokeo yake yapimwe baada ya wiki 8 hadi 12. Ukiacha wiki ya pili hujaijaribu.

Mwenye pumu aseme mapema, propranololi haimfai. Mwenye mimba au anayepanga kuipata akiandikiwa valproeti au topirameti amweleze daktari kabla ya kumeza, kwani hudhuru mtoto tumboni. Na dada ambaye kabla ya kichwa huona vimulimuli au mistari ya kukatika-katika, asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni bila kumwambia mtoa huduma. Vinamwongezea hatari ya kiharusi.

Miadi haingojwi kichwa kikilipuka ghafla kuliko vyote ulivyowahi kupata, kikija na homa na shingo ngumu, mkono ukilegea, ulimi ukiwa mzito, au ukiwa na mimba kubwa na macho yanaona ukungu. Siku hiyo hiyo, hospitali.

Haya, niulizeni. Aliye na vidonge mkobani avitoe, tuvisome pamoja.